Umeneja wa mradi wa ujenzi Dar es Salaam: kuanzia darasani hadi kukabidhi funguo

Kabla ya kuuliza usome nini, jua kwanza utamfanyia kazi nani. Meneja wa mradi aliyeajiriwa na mwenye jengo, yule ambaye mikataba humwita mshitiri, analinda pesa ya mshitiri, ubora wa kazi na tarehe ya kumaliza. Meneja aliyeajiriwa na mkandarasi anaongoza mafundi, mitambo na manunuzi, na analinda kampuni isimalize kazi ikiwa na hasara. Wote wawili wanasoma michoro ileile na BOQ ileile, yaani orodha ya kazi, vipimo na bei. Mmoja anatafuta alichokilipia, mwingine anatafuta atakacholipwa. Kwa sababu hiyo mtu mmoja hawezi kushika nafasi zote mbili kwenye mradi mmoja, hata kama mwenye jengo ni ndugu yake.

Usiichanganye kazi hii na ya msimamizi wa saiti. Msimamizi anashughulika na kazi ya leo: nani yupo, nani hajafika, zege limechanganywa vipi. Meneja anashughulika na kazi ya wiki ya tatu kuanzia leo: nondo zimeagizwa? Mchoro wa ngazi umesainiwa? Pesa ya kulipa vibarua Jumamosi ile itatoka wapi? Meneja anayeshinda akisukumana na mafundi kwenye zege la leo, bila shaka wiki ya tatu itamkuta hana kitu mkononi.

Hatua ya 1: Chagua shina la taaluma

Umeneja wa mradi hupandikizwa juu ya taaluma nyingine. Mashina makuu ni matatu: uhandisi wa ujenzi, ukadiriaji majenzi na ubunifu majengo. Uhandisi wa ujenzi unafundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu Ardhi na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT). Kwa ukadiriaji majenzi na ubunifu majengo, Ardhi ndiyo shule kongwe. Shahada ya uhandisi ni miaka 4, ya ubunifu majengo ni miaka 5.

Aliyemaliza kidato cha sita na ufaulu mzuri wa hisabati na fizikia anaingia shahada moja kwa moja. Aliyeishia kidato cha nne anaweza kupitia stashahada ya miaka 3, kisha akaendelea na shahada. Njia hii ya pili ni ndefu zaidi, lakini wanaoipita hufika saiti wakiwa tayari wanajua kusoma mchoro, kupima na kushika vifaa, na tofauti yao huonekana wiki ya kwanza.

Fundi mwenye cheti cha VETA na miaka 10 ya kazi anaweza kuwa msimamizi bora kuliko mhitimu wa jana. Hata hivyo, mlango wa umeneja kwenye miradi mikubwa utabaki umefungwa kwake hadi apate stashahada au shahada, kwa hiyo apange kusoma mapema, kabla majukumu ya nyumbani hayajambana.

Ukituuliza shina lipi ni bora kwa anayetaka kusimamia majengo, tutasema ukadiriaji majenzi unadharauliwa bila sababu. Miradi mingi hufia kwenye pesa kabla haijafia kwenye zege. Kwa barabara, madaraja na mifumo ya maji, chagua uhandisi.

Hatua ya 2: Miaka mitatu ya saiti, yenye kumbukumbu

Kwa wahandisi, Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) ina mpango wa mafunzo kwa vitendo unaojulikana kama SEAP. Mhitimu anafanya kazi miaka 3 chini ya mhandisi aliyesajiliwa na kujaza kumbukumbu za kila alichokifanya. Kosa la kawaida ni kujaza daftari hilo mwishoni, kwa mkupuo. Aliyejaza hivyo huandika "nilishiriki ujenzi wa ghorofa", na akiulizwa kwa nini nondo za juu za bimu ziliunganishwa katikati na zile za chini karibu na nguzo, anakosa jibu.

Katika miaka hiyo mitatu, usikubali kumaliza bila kufanya kwa mkono wako mambo haya manne:

- Kupima michoro na kutoa vipimo vya BOQ ya jengo zima, hata dogo.
- Kuandaa orodha ya kukata na kukunja nondo, kisha kulinganisha na nondo zilizotumika kweli.
- Kuandaa hati moja ya malipo kuanzia vipimo vya saiti hadi pesa kuingia benki.
- Kuandika ratiba ya wiki nne na kuirudia kila Ijumaa ukionyesha kilichochelewa na sababu yake.

Jambo la tatu ndilo vijana wengi hulikwepa kwa kuona ni kazi ya ofisini. Asiyewahi kuandaa hati ya malipo hawezi kujua kwa nini mkandarasi amepunguza mafundi ghafla mwezi wa nne.

Hatua ya 3: Usajili, na vyeti vya nyongeza

Mhandisi anasajiliwa ERB. Mbunifu majengo na mkadiriaji majenzi wanasajiliwa AQRB, bodi ya fani hizo mbili. Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, inasajili makandarasi, na majengo yana madaraja kuanzia la kwanza hadi la saba. Kila daraja, isipokuwa la kwanza, lina ukomo wa thamani ya kazi. Ukiwa meneja wa mshitiri, hakiki daraja la mkandarasi dhidi ya thamani ya mradi kabla ya kusaini chochote. Mkandarasi wa daraja la chini anayepewa kazi iliyozidi ukomo wake ni kosa kisheria, na pia ni dalili kwamba mtaji na mitambo yake havitatosha.

Cheti cha PMP, cha kimataifa cha usimamizi wa miradi, kinaheshimika, hasa kwenye kampuni za kigeni na miradi ya wafadhili. Mwenye shahada ya miaka 4 anahitaji miezi 36 ya uzoefu wa kuongoza miradi, asiye na shahada hiyo miezi 60, na wote saa 35 za mafunzo ya usimamizi wa miradi. Lakini PMP haikupi mamlaka ya kusaini mchoro wala haichukui nafasi ya usajili wa bodi. Anayeikimbilia kabla ya kusajiliwa ameanza paa kabla ya msingi.

Kuhusu programu: kwa ratiba jifunze Microsoft Project au Primavera P6, na Excel uijue vizuri kuliko zote mbili. Malumbano mengi ya malipo huamuliwa kwenye jedwali la Excel.

Hatua ya 4: Kabla jembe halijagusa ardhi

Kibali cha ujenzi kinatolewa na halmashauri husika: Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni. Utahitaji uthibitisho wa umiliki, michoro ya mbunifu na ya mhandisi yenye mihuri ya wataalamu waliosajiliwa. Sajili saiti kwa OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, hakikisha mwajiri amejisajili WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) na NSSF, na uliza mapema kama mradi unahitaji tathmini ya mazingira ya NEMC, baraza la mazingira. Michoro ya jengo kubwa ipite pia Zimamoto. Ukitaka kukalia sehemu ya barabara kwa ajili ya kokoto au winchi, omba ruhusa TARURA, au TANROADS kama ni barabara kuu. Bango la mradi lisimame siku ya kwanza.

Kabla ya kuchimba, waombe DAWASA na TANESCO waonyeshe mabomba na nyaya zinazopita. Kariakoo na Upanga chini ya ardhi kuna vitu vilivyolazwa miaka mingi, na michoro yake haionyeshi kila kitu. Chimba mashimo machache ya kupimia kwa mkono kabla ya kuleta kijiko.

Piga picha nyumba za majirani, ndani na nje, zenye tarehe, na jirani asaini kwamba ameziona. Nyufa zilizokuwepo tangu zamani zitaitwa mpya mara tu kijiko kinapowasha injini.

Hatua ya 5: Ratiba na pesa zisomwe pamoja

Ratiba ya Dar isiyojua mvua haina maana. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Panga msingi na kazi za udongo zimalizike kabla ya Machi, hasa maeneo ambayo maji ya ardhini yako karibu na juu au yaliyo bondeni karibu na Mto Msimbazi. Kazi za ndani, kama plasta na mabomba, ndizo ziangukie masika.

Kisha tafuta mnyororo wa kazi ambazo moja ikichelewa siku moja, mradi wote unachelewa siku moja. Kwa ghorofa la kawaida mnyororo huo ni msingi, nguzo, slabu, nguzo, slabu, paa, lifti. Lifti na vifaa vingine vya kuagiza nje huchukua miezi mingi, kwa hiyo tarehe ya kuagiza ni muhimu kama tarehe ya slabu ya mwisho. Hapa ndipo mameneja wengi huanguka: jengo limepakwa rangi, lifti ipo baharini.

Kila mwezi linganisha namba tatu, si mbili. Tuseme bajeti ya kazi ni Sh milioni 900. Mwezi wa tano ratiba ilisema kazi ya milioni 360 iwe imefanyika. Ukipima saiti, iliyofanyika ina thamani ya milioni 270. Pesa iliyotumika ni milioni 330. Anayetazama matumizi peke yake atafurahi kwamba ametumia 330 badala ya 360. Ukweli ni kwamba amechelewa kwa kazi ya milioni 90, na kila kazi ya shilingi 270 imemgharimu 330. Kwa mwendo huo mradi utaisha kwa milioni 1,100.

Mambo mengine ya pesa kwa ufupi: angalia kama bei za BOQ zimejumuisha VAT ya 18% au la, kwa sababu pengo hilo likigunduliwa mwishoni halina wa kulilipa. Weka akiba ya dharura, kwa kawaida 5% hadi 10%. Na soma mkataba ujue hati ya malipo inapaswa kulipwa ndani ya siku ngapi. Mkandarasi anayesubiri miezi mitatu atajipunguzia mafundi tu, hata umwandikie barua kali kiasi gani.

Hatua ya 6: Siku ya slabu

Hapa tutakaa zaidi, kwa sababu kosa la siku moja ya zege halirekebishwi kwa bei ya kawaida.

Chukua slabu ya mita 10 kwa 16, unene milimita 150. Hiyo ni mita za ujazo 24. Ongeza bimu, tuseme 5, jumla 29. Ongeza 5% ya upotevu: mita za ujazo 30.5 hivi.

Ukichanganya saitini kwa kilo 350 za saruji kwa kila mita ya ujazo, unahitaji mifuko 7 kwa mita moja, yaani mifuko 214. Mashine ndogo inakula mfuko mmoja kwa mzunguko. Mzunguko mmoja, kupakia hadi kumwaga, ukichukua dakika 4, mashine moja itahitaji zaidi ya saa 14. Haiwezekani. Usiku utaingia, watu watachoka, na zege jipya litamwagwa juu ya lililokwisha kuanza kushika. Mpaka huo kati ya zege mbili ndipo maji yatakapovujia miaka yote ijayo. Kwa hiyo ni mashine mbili, na ya tatu ikae tayari kwa sababu moja kati ya hizo itaharibika.

Ukiagiza zege la gari, kwa magari ya mita 7 ni magari manne kamili na la tano la mita 2.5. La tano uliagize kwa kipimo baada ya kupima eneo lililobaki wakati gari la tatu linamwaga. Zege likae njiani na saitini si zaidi ya saa moja na nusu hivi tangu kuchanganywa, na kwa joto la Dar muda huo hupungua. Msongamano wa Barabara ya Mandela au Morogoro unaweza kuumaliza wote, kwa hiyo anza alfajiri au panga usiku kwa ruhusa. Tiketi ya kila gari isomwe muda wa kuchanganywa kabla ya kumwaga. Gari lililochelewa likataliwe, na meneja awe na ujasiri huo.

Siku moja kabla, kagua haya ukiwa na mhandisi:

- Mirunda, yaani nguzo za muda zinazobeba slabu. Zege la mita za ujazo 29 lina uzito wa tani 70 hivi. Mirunda isimame wima juu ya mbao, si juu ya udongo mtupu, na ifungwe kwa mbao za mshazari. Udongo uliolowa mvua ya jana huzama, na boksi lote, yaani mbao zinazoshikilia zege bichi, hufuata.
- Nondo. Pima uzito wake zikifika, usisubiri kufunga. Uzito wa mita moja ni kipenyo mara kipenyo, gawa kwa 162. Nondo ya mm 12 yenye urefu wa mita 12 iwe na kilo 10.7 hivi. Ukipata kilo 9.5, kipenyo halisi ni mm 11.3 na umepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya chuma ulicholipia.
- Nafasi kati ya nondo na boksi. Mara nyingi ni mm 25 kwa slabu, mm 40 kwa nguzo, mm 50 au zaidi kwa msingi, lakini mchoro ndio unaotawala. Tumia biskuti za zege, vipande vidogo vinavyoinua nondo kutoka kwenye boksi. Vipande vya tofali na mawe huteleza. Kigamboni, Msasani na Kunduchi chumvi ya bahari hupita kwenye zege lenye nafasi ndogo na kula nondo, kisha zege linabanduka.
- Mabomba ya umeme na maji yamepita, na picha zake zimepigwa na kupimwa toka ukutani. Atakayetoboa baadaye atakushukuru.
- Vaibreta (mashine za kutikisa zege lishikamane) mbili, mafuta, maji ya akiba kwenye tangi, turubai la mvua.

Wakati wa kumwaga, lilinde zege lisiongezewe maji. Mfuko wa kilo 50 kwa uwiano wa maji kwa saruji wa 0.5 unachukua lita 25. Msaidizi wa fundi akiongeza lita 5 ili zege litiririke kirahisi, uwiano unafika 0.6 na nguvu huweza kushuka kwa karibu sehemu moja ya tano. Anafanya hivyo kwa sababu beseni ni zito na jua ni kali, si kwa ubaya, hivyo suluhisho ni kuongeza watu na kuweka ndoo moja yenye alama, si kupiga kelele. Baada ya mvua mchanga umebeba maji tayari, kwa hiyo punguza ya ndoo. Vaibreta iingie wima, ikae sekunde chache, itoke polepole; kuitumia kusukuma zege huacha kokoto upande mmoja na uji upande mwingine, na ukifungua boksi unakuta matundu kama sega la nyuki.

Chukua vipimo vya majaribio: vipande sita vya mm 150 kwa kila kundi la kazi, vitatu vipimwe siku ya 7, vitatu siku ya 28. Siku ya 7 tarajia karibu theluthi mbili ya nguvu ya mwisho. Ikishindwa hapo, bado una wiki tatu za kuuliza maswali kabla ya kupanda ghorofa inayofuata. Mwagilia zege kwa siku zisizopungua 7, asubuhi hadi jioni, au lifunike kwa magunia yenye maji.

Mirunda ya chini isiondolewe kwa sababu fundi ana saiti nyingine inayoihitaji. Shinikizo hilo lipo kila mahali, hasa mirunda ikiwa ya kukodi kwa siku. Kwa slabu mara nyingi ni siku 14, kwa bimu ndefu hadi 21, na mhandisi aandike ruhusa kwa mkono wake baada ya kuona majibu ya majaribio.

Hatua ya 7: Usalama, kuanzia kwenye shimo

Jiji hili limekwisha lipa gharama. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na watu zaidi ya 20 wakafa. Wanaokufa ni vibarua, wachuuzi na wapita njia ambao hawakusaini mkataba wowote.

Kwenye mchanga wa pwani, shimo la zaidi ya mita 1.2 lisiingiwe na mtu bila kuta za kuzuia au mteremko salama. Udongo uliochimbwa usirundikwe ukingoni. Usichimbe chini ya kina cha msingi wa jirani bila mchoro wa mhandisi unaoonyesha jinsi jengo lake litakavyoshikiliwa. Na ombi la kuongeza ghorofa moja juu ya michoro iliyopitishwa, hata likitoka kwa mwenye jengo mwenyewe, lirudi kwa mhandisi na halmashauri. Meneja anayelikubali kwa mdomo ndiye atakayeulizwa.

Kofia, viatu na mikanda viwepo kwa kila mtu, wageni wakiwemo. Kingo za ghorofa ziwe na reli imara. Mazungumzo ya dakika 10 ya usalama kila asubuhi, na majina yaandikwe.

Hatua ya 8: Kila agizo liwe na karatasi

Daftari la saiti liandikwe kila siku kabla ya kuondoka: hali ya hewa na saa za mvua, idadi ya watu kwa kila fani, vifaa vilivyofika, mashine zilizoharibika, waliotembelea na walichosema. Mkandarasi akiomba nyongeza ya muda kwa sababu ya masika, daftari ndilo shahidi pekee asiyesahau.

Mshitiri akija Jumamosi na kusema "hapa weka choo kingine", usikatae, lakini usianze. Andika agizo la mabadiliko lenye bei, siku zitakazoongezeka, na mahali pa kusaini. Kwa haraka, tuma ujumbe wa WhatsApp unaorudia alichosema na umwombe athibitishe, kisha Jumatatu karatasi ifuate. Mabadiliko madogo 20 yasiyoandikwa ndiyo yanayowagombanisha watu waliokuwa marafiki.

Hatua ya 9: Kukabidhi

Anza wiki sita kabla ya tarehe, si siku ya mwisho. Tembea chumba kwa chumba na mbunifu, mhandisi na mkandarasi, na kila kasoro iandikwe chumba, ukuta, tatizo, nani, lini. Fungulia maji kwa shinikizo kamili na uache yakae. Jaza maji vyoo na sakafu za bafu kwa saa 24 kabla vigae havijawekwa, si baada. Pima umeme na waya wake wa kwenda ardhini, jaribu pampu ya zimamoto, endesha jenereta ukizima TANESCO.

Sehemu ya malipo inayozuiliwa, kwa kawaida kati ya 5% na 10%, mara nyingi nusu yake hutolewa wakati wa makabidhiano na nusu iliyobaki baada ya kipindi cha uangalizi wa kasoro, ambacho huwa miezi 6 hadi 12. Panga ukaguzi wa mwisho mwezi mmoja kabla kipindi hicho hakijaisha na, ikiwezekana, uwe baada ya masika, ili paa na madirisha yawe yamepimwa na mvua yenyewe. Pamoja na funguo, mkabidhi mshitiri michoro ya jengo kama lilivyojengwa kweli, majibu yote ya majaribio ya zege, dhamana za vifaa, na zile picha za mabomba yaliyomo ndani ya slabu.